Maji Yetu, Unga Wao

Chanjo ya surua huja vipande viwili. Kichupa kimoja kina unga mkavu, kingine kina maji yake, na unga bila maji yake haumfai mtoto yeyote. Mimi shule yangu iliishia msingi, lakini nesi wa zahanati yetu aliponieleza nilielewa kabla hajamaliza kusema. Waziri wetu wa afya alisomea ng'ambo. Au hakuelewa, au alielewa akaona halina faida kwake.

Nchi yetu na ya jirani ziliagiza chanjo pamoja. Unga ukashukia kwao, maji yakashukia kwetu. Kabla ya kugawana, wakubwa wakakosana: wao wakasema mwaka jana tulijipendelea, sisi tukasema hao wana tamaa tangu enzi za babu zao. Basi wao wakakumbatia unga, sisi tukakumbatia maji, kama mke na mume walioachana, mmoja kaondoka na sufuria, mwingine na mfuniko, na kila mmoja anajisifu kamkomoa mwenzake.

Surua haikusubiri waelewane. Ilikuwa imeshaingia mtaani kwetu. Mtoto wa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alikuwa amelala macho yamevimba, hayafunguki. Na kwangu alikuwepo kitukuu changu, binti wa mjukuu wangu, miezi tisa, anamchekea kila mtu, na kila mtu anamkoholea usoni. Nilikuwa simwachi hata nikienda uani.

Zahanati yetu iko ubavuni mwa mpaka. Ukisimama mlangoni unaiona kamba ya mpaka, na ng'ambo ya kamba unaiona zahanati yao, mbovu kama yetu. Siku mawaziri walipokuja kujadiliana, waliweka meza juu ya mpaka, miguu miwili kwetu, miwili kwao. Kila mmoja alikuja na sanduku lake la barafu lenye vichupa ili dunia ione kwamba hajaishiwa. Wetu tulimwita Shingo, kwa sababu hakuwa nayo. Wa kwao watu wake walimwita Kitana, na kipara kinang'aa kama bakuli lililooshwa.

Kina mama walipanga foleni pande zote mbili, juani, watoto mgongoni. Mawaziri walikaa kwenye kivuli cha turubai.

"Nchi yetu ni huru!" Shingo alinguruma kwenye kipaza sauti. "Hatupangiwi na watu wanaoficha unga kama panya!"

"Mwenzangu ana maji tele," Kitana akajibu. "Nashangaa hata uso hajanawa."

Waandishi wakacheka. Watoto wakalia. Wakubwa wakapiga makofi, kila upande ukimpigia wa kwake.

"Bibi, twende nyumbani," mjukuu wangu akasema. "Hawa hawajaja kwa ajili yetu."

"Najua. Wamekuja kwa ajili ya kamera. Mpanguse mtoto makamasi, mvalishe lile gauni la njano."

"Ya nini?"

"We mvalishe tu."

Walipopumzika kunywa soda nikamsogelea Shingo. Kamera ilikuwa karibu, kwa hiyo akanyenyekea mpaka kiti kikalia.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba, baba. Pole na kazi. Ila nimeumia moyo, mwanangu. Kwa nini unamwachia yule picha?"

"Picha gani?"

"Nasikia atamkamata mtoto mmoja wa huku kwetu, atie maji kwenye unga mbele ya waandishi. Ati aitwe baba wa watoto wa mpakani."

"Maji atayatoa wapi?"

"Mimi nitajuaje, baba? Mimi ni mtu wa kuosha vyombo."

Pale shingo ilipopaswa kuwa pakavimba. Nikamwacha, nikainama nipite chini ya kamba.

"Bibi, unakwenda wapi?" askari akauliza.

"Chooni. Cha kwetu kimefurika. Unanisindikiza?"

Akageuka kuangalia upande mwingine. Nikamfikia Kitana, nikampa uongo ule ule, nikageuza jina tu. Nilitegemea angalau mmoja wao ataniuliza swali la maana. Hakuna. Vichwa viwili vya serikali, na uongo mmoja wa kikongwe ukawatosha wote.

Walikimbilia meza kama kuku waliotupiwa mahindi.

"Maji natia mimi!"

"Unatia kwenye unga wangu!"

Manesi wawili, wetu na wa kwao, wakawanyang'anya vichupa kwa adabu kabla havijavunjika, wakachanganya. Shingo akatafuta mtoto msafi wa kupakata. Gauni la njano likamwita. Akampakata kitukuu changu, Kitana naye akamshika mguu asije akakosa kuonekana. Sindano ikaingia mkononi. Mtoto akalia, kisha akamkojolea Shingo suruali yote. Waziri akaendelea kutabasamu, meno yote nje. Sijawahi kumwona mtu aliyefunzwa kazi yake vizuri namna ile.

Picha zikapigwa, wakaenda kula, kila mmoja akijiona mshindi. Masanduku yakabaki mezani.

"Changanya vyote," nikamnong'oneza nesi wetu.

"Bibi, utaratibu ni kimoja kimoja. Vikibaki ni vya kumwaga. Nitaulizwa."

"Kwa foleni hii, vitabaki wapi?"

Akamtazama mwenzake. Yule wa kwao alikuwa ameshafungua cha tatu. Basi wakavichanganya vyote, wakaanza kuchoma, bila kuuliza mtoto ametokea upande gani wa kamba.

Haukupita muda msaidizi wa Shingo akarudi mbio, suti imembana kwapani.

"Mheshimiwa anasema sanduku lirudi. Mazungumzo hayajaisha."

"Beba," nesi akasema. "Ila vimeshachanganywa. Havifiki jioni, vitakuwa uchafu. Utampelekea wewe?"

Kijana akawatazama kina mama. Kina mama wakamtazama. Akapiga simu, akasikiliza, akafuta jasho.

"Anasema msubiri maelekezo."

"Tunasubiri," nesi akajibu, akamchoma mwingine.

Jioni redio ikatangaza. Wetu alikuwa amewalazimisha watoe unga. Wa kwao alikuwa ametulazimisha tutoe maji. Mtoto wa fundi cherehani alikuja kufungua jicho moja. La pili halikufunguka tena, na hilo hakuna waziri aliyesema ni lake.

Kitukuu changu alipata homa kidogo, mkono ukamuuma, akalia.

"Bibi, nifanyeje?" mjukuu wangu akauliza, wasiwasi umemjaa.

"Mbembeleze. Chanjo inafanya kazi."

Redioni walikuwa wameshaanza kugombania sindano zilikuwa za nani. Nikaizima. Wote walikuwa wanalia, lakini mtoto alikuwa na sababu.