Upande wa Chini wa Godoro

…na hapa tena, hapa lilipokuwa godoro ndipo panapokataa kukauka, sabuni ya unga imekwisha na sakafu bado inatoka jasho kama mgonjwa wa homa, mama mkwe amekaa kwenye kiti pale mlangoni, mikono mapajani, mkoba wake umeshafungwa, kesho asubuhi wifi anakuja kumchukua, na kesho hiyohiyo binti yangu anahamia humu, amechoka kusomea jikoni kwenye moshi, mtihani unakaribia, akianguka mwaka huu basi, atakuwa kama mimi, mtu wa kusugua… "Usijiumize mgongo, mwanangu," anasema mama mkwe, sasa nani anayeniumiza, napaza sauti maana masikio yake hayapati ya mbali, "Ungekuwa unaniita usiku, mama, nisingepiga magoti hapa," anatazama mikono yake, siku hizi habishi, mwanzoni alikuwa anaapa, si mimi mwanangu, nikamjibu mbele ya watoto, kama si wewe basi godoro limejikojolea lenyewe, wakacheka, hata mume wangu alicheka, mama yake mzazi, alikuwa anakata kucha na akacheka, na toka siku hiyo mdogo akiamka anachungulia mlangoni, "Bibi, mto umeuvuka salama?" nami simkatazi, na wifi kwenye simu, mleteni tu, lakini aje na nepi zake… kuna mtu dirishani, ni jirani, fundi cherehani, ameegemea nondo, "Jirani, hata kwako?" hata kwangu nini, "Maji! Cherehani yangu iko kwenye dimbwi, nimeamka nimekanyaga baridi, nikamtukana mume wangu bure nikidhani kamwaga chai," anacheka, huyu hucheka hata msibani, "ni safu yetu yote ya nyumba za chini, mhandisi wa mradi wa kinamasi kapita sasa hivi na fimbo yake ya kupimia, anasema toka walipoziba mitaro kule kinamasini, ile ya zamani iliyokuwa inakausha mashamba, maji yamepanda, yanapenya chini ya tuta, yanatembea humo udongoni, yanatutokea sakafuni, na unajua wanafanya nini, wanapeana mikono! Eti kinamasi kinafufuka, ndege watarudi, haya, na sisi tuote mapezi"… tambara liko mkononi, linadondoka kwenye ndoo, walifunga lini mtaro mkubwa, mume wangu si yuko kwenye kazi ileile, yeye na wenzake ndio walioshindilia udongo, alirudi matope mpaka magotini, akasema tumemaliza, sasa maji hayana pa kukimbilia, akala, akalala, na asubuhi yake, asubuhi yake ndiyo ilikuwa ya kwanza, nilipoingia humu nikaweka mkono kwenye godoro na kupiga kelele… nalifuata godoro nililolisimamisha ukutani, jirani bado anasimulia alivyoinua kabati, nalipapasa, juu pakavu, pakavu kama mkate wa jana, chini ndiko kunakotiririka, na hili niliona, niliona toka mwanzo, nikasema mkojo wa mzee unapenya, nikanusa, haukunuka, nikasema ni kwa sababu anakula kidogo, kila kitu nilikuwa na jibu lake, kama wakili… "Mwambie baba watoto awaseme huko kazini," jirani anasema, sawa, nitamwambia, anageuka kuondoka, namwita, "Jirani, haya usimfikishie mama mkwe, presha yake," presha, neno limetoka lenyewe, safi kabisa, mama huyu hajawahi kuugua presha, na jirani ananitazama kwa huruma, "Masikini, na unavyohangaika naye, Mungu akulipe"… "Anasemaje?" mama mkwe anauliza kutoka mlangoni, "Anaazima sindano, mama," "Ah, mpe, mpe"… nikisema sasa hivi mkoba unafunguliwa, chumba kinabaki chake, binti anarudi kwenye moshi na daftari lake, wifi ananitangaza ukoo mzima, alimsingizia mama, alimfanya kichekesho cha watoto, na mume wangu atashika kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, lakini yeye si ndiye anayepima maji na mhandisi kila asubuhi, si anajua yakinyimwa njia huku yanachimba kule, alijua, au hakutaka kujua, alikata kucha akacheka, basi tuko wawili, sijui kama hilo linanipoza au ndiyo linanichoma… kitanda cha binti nitakiinua kwa matofali, manne yanatosha, yako uani, yalikuwa uani siku zote, mama mkwe nilimlaza chini nikisema asije akaanguka… harufu ya maharage, yanaanza kushika chini ya sufuria, namwaga ndoo, nanawa, "Haya, njooni mle!" naita, mume wangu anaingia anavua viatu vya mpira, anauliza jirani alikuwa na habari gani, "Sindano," nasema, ananitazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha anatazama viatu, anavisukuma pembeni, nagawa, mdogo yupo, wa kati yupo, binti kakalia kitabu, baba yao, mama mkwe kasaidiwa kukaa, na mimi, wote tupo, nashika jagi namimina maji, huyu, na huyu, nikifika kwa mama mkwe anafunika kikombe kwa kiganja, "Mimi usinimiminie, mwanangu, wiki hii yote jua likishapita utosini sinywi, nimeona itasaidia, angalau usiku wa mwisho nikuachie pakavu," midomo imempasuka, anaongea kwa shida, anatabasamu, mume wangu ameinamia sahani yake, watoto wanatafuna, na mimi nimesimama na jagi, limejaa, ni zito, kiganja chake bado kiko juu ya kikombe, ananisubiri nimsifu… "Vizuri, mama," nasema, na jagi nampitishia binti.