Mtu Aliyezimia Hana Mikono

Mgonjwa alipasuka tumbo saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya watu wote, na mchanga ukamwagika hadi kwenye viatu vya mkaguzi.

Hakuwa mtu. Alikuwa ovaroli kuukuu iliyoshindiliwa kilo themanini za mchanga, ikashonwa na kuvishwa mkanda wa kupandia, na pale uwanja wa nyuma wa idara ya bustani kila aliyewahi kufanya mtihani wa kupanda miti kwa kamba alimjua. Mtahiniwa alitakiwa kumfuata juu ya mti wa mkangazi, mita tisa kutoka ardhini, amhamishie kwenye kamba yake mwenyewe, kisha wateremke pamoja kabla dakika nane hazijaisha. Bonge la mtu waliyemwita Tani Moja alifanya yote sawasawa isipokuwa jambo moja. Alisahau kwamba kamba sasa ilikuwa imebeba wawili, hakuongeza mzunguko kwenye pete ya chuma ya mkanda wake, na kamba ikamkimbia mkononi. Mgonjwa alitangulia kufika chini. Tani Moja akamkalia.

"Nimemuua?" aliuliza, bado yuko juu yake.

"Umemuua," mkaguzi alisema huku akiandika. "Rudi baada ya miezi mitatu."

Aliyefuata alikuwa mwanamke mmoja mkavu wa mwili, mwenye mabega ya kubeba magunia, aliyeketi kwenye benchi tayari amejifunga mkanda. Wenzake walimwita Kindi. Jina hilo lilikuwa la mumewe kwanza. Mume alipoanguka kutoka mtini miaka mitatu iliyopita na kubaki na mguu usiokunjika vizuri, watu walilihamisha jina bila kumuuliza, naye akalalamika mezani, "Hata jina umeninyang'anya." Tangu hapo yeye ndiye aliyeshika kamba chini, mkewe ndiye aliyepanda.

"Bila Mgonjwa hakuna mtihani," mkaguzi alimwambia Kindi. "Utasubiri na wewe."

"Nisubiri vipi? Si mmesema kuanzia tarehe moja asiye na cheti haruhusiwi kukanyaga mti?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Sheria si yangu."

Kindi hakuwa na wasiwasi na mikono yake. Angeweza kufanya mtihani ule huku akiwaza mambo ya chakula cha jioni. Lakini miezi mitatu bila kupanda ilikuwa na maana kwamba wateja wao wote wangeenda kwa wengine, na mteja wa miti akishaenda harudi. Alianza kufungua mkanda, polepole, kwa hasira.

"Usifungue," mumewe alisema kutoka nyuma ya benchi. Alikuwa amesimama na fimbo yake. "Mimi nina kilo themanini na moja. Nitapanda mimi."

Tani Moja aliacha kujifuta mchanga.

Kila mpanda miti alikijua kisa cha kuanguka kwa mume wa Kindi. Ukiwa juu, kinachokushikilia ni fundo dogo la kikamba chembamba kilichozungushwa kwenye kamba kubwa. Ukining'inia, fundo hubana lenyewe. Ukilishika na kulivuta chini kidogo, hulegea, ukashuka. Ukiteleza ghafla, dawa ni moja tu: usilishike. Mumewe aliwafundisha watu jambo hilo kwa miaka kumi na minane. Siku aliyoteleza, mikono yake ilifanya linalofanywa na mikono ya mtu yeyote anayeanguka. Ikakamata kilichokuwa karibu, ikakamata fundo, na kadiri alivyokaza ndivyo fundo lilivyozidi kukataa kubana. Alishuka mita saba akiwa amelishika kwa nguvu zake zote. Makovu ya viganja yalikuwa yanang'aa hadi leo.

"Baba Pacha," Kindi alimwita, "una uhakika?"

"Sina. Lakini nina kilo themanini na moja."

Mkaguzi alifikiri, akaagiza kamba ya pili ya akiba ifungwe mgongoni mwa mume, ishikwe na Tani Moja. "Uzito unao," alimwambia. "Leo utufae." Kisha akamgeukia mume. "Sikiliza. Wewe umezimia. Huongozi, husaidii, hushiki chochote. Ukigusa fundo, lake au lako, mtihani umekwisha na mkeo amefeli. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na wewe, mama. Utamweza?"

"Nimemvumilia miaka kumi na sita," Kindi alisema. "Dakika nane hazinishindi."

Mumewe alifunga fundo lake mwenyewe, la kwanza tangu aanguke. Mizunguko minne juu, miwili chini, ncha ikaachwa ndefu kama kidole. Kazi yao ilikuwa na desturi moja ambayo hawakuiruka hata siku ya mvua: aliyefunga hajikagui. Mwenzake hulipapasa kila fundo kwa vidole na kusema neno moja. Kindi aliinama, akapapasa.

"Nimeona," alisema.

Walimvuta kwa kapi hadi mita tisa, wakamwacha aning'inie kwenye fundo lake, kichwa kimeinama kidogo, mikono juu ya mapaja. Kutoka chini alionekana mdogo. Kindi alikaa kwenye kamba yake kwa urefu wa goti, akairusharusha nyonga mara tatu, fundo likabana. Mkaguzi alibonyeza saa.

Alipanda vizuri, na alijua anapanda vizuri. Mguu ukibana kamba, nyonga ikisukuma, mkono ukisogeza fundo juu, tena na tena, bila kuvuta pumzi ya bure. Dakika ya pili haijaisha alikuwa ameshafika.

"Mzima?" alimuuliza, kwa sababu kanuni inadai umsemeshe hata aliyezimia.

Mumewe alikuwa amefumba macho kwelikweli, na jasho lilimtiririka puani.

Kindi alipitisha mshipi mfupi kutoka pete yake hadi pete ya mumewe, akasikia kulabu yake ya chuma ikijifunga. Aliongeza mzunguko wa kamba kwenye pete, akaongeza na mwingine, kwa heshima ya marehemu Mgonjwa aliyekuwa chini. Ikabaki ile sehemu ambayo mchanga hauwezi kuiogopa. Ilibidi alegeze fundo la mumewe, naye angeanguka, kiasi cha kiganja kimoja tu, kabla mshipi haujamdaka.

Mkono wake wa kulia ulishika kamba yake nyuma ya nyonga. Wa kushoto aliupeleka kwenye fundo la mumewe. Hakubaki na mkono wa tatu. Hapo ndipo alipouona mkono wa mumewe ukiinuka kutoka pajani, vidole vimekunjamana, unapanda wenyewe kuelekea kwenye fundo kana kwamba mwenyewe hahusiki.

Aliogopa. Hakuogopa cheti, wakati ule hata hakukikumbuka. Aliogopa kumwona mumewe akilishika tena lile fundo, kisha aishi na siku mbili za namna hiyo badala ya moja.

"Baba Pacha."

Mkono ulisimama, umebakiza upana wa kidole.

"Mtu aliyezimia hana mikono," alisema, kwa sauti ileile anayomuagizia chumvi. "Fundo nimelishika mimi. Achia."

"Natamani ningezimia kweli," mumewe alinong'ona.

"Zimia basi, nina kazi."

Kitu kama kicheko kilimtoka mumewe puani. Mkono uliteremka, ukatua pajani, na vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine. Kindi hakusubiri vibadilishe mawazo. Alivuta fundo. Mumewe akaanguka kiganja kimoja, mshipi ukakaza, kamba ikatoa mlio wa kujinyoosha, na wote wawili wakaning'inia kwenye kikamba alichokifunga Kindi asubuhi ile.

Waliteremka taratibu, hadi majani yakapata muda wa kuwagusa. Huku chini Tani Moja aliilegeza kamba ya akiba kidogo kidogo, midomo wazi.

"Dakika sita na sekunde arobaini," mkaguzi alisema walipogusa ardhi. Akaandika, akaigeuza karatasi ili Kindi aione alama, kisha akamtazama mume aliyelala chali juu ya mchanga wa Mgonjwa. "Umeokolewa, mzee. Unaweza kuzinduka."

"Bado kidogo," alijibu.

Kindi alipiga goti kufungua mshipi, kisha akauacha kwanza. Mumewe alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa imelala pande mbili juu ya mchanga, viganja juu, wazi, na juu yao kamba ilikuwa bado inayumba.