Doa la Kahawia

Pale kwenye jumba la makumbusho walimwita Baba Manyoya, na utani huo aliuzoea. Kutwa aliinamia visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe, akichokoa jiwe kwa sindano mpaka mfupa utokeze, na ukikaa karibu naye lazima akuimbie wimbo uleule: manyoya hayakuanza kwa ajili ya kuruka. Yalianza kama nguo. Dinosaria wadogo waliokimbia kwa miguu miwili walijikinga na baridi kwanza, mabawa yakaja baadaye sana, na ndege ni wajukuu zao.

"Vipi, mjusi wako keshavaa?" wenzake walimchokoza.

"Atavaa tu," alijibu. Lakini hakuwahi kumpata hata mmoja aliyevaa.

Sasa vumbi la mawe lilikuwa limemla mapafu, naye alilala nyumbani akihesabiwa siku. Jiwe lake la mwisho alimwachia binti yake, aliyerithi kazi yake. Ombi lake lilikuwa moja: aletewe habari kabla hajafumba macho.

Binti alilisafisha kwa mapenzi yote. Mifupa ilizungukwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagikia kitambaa, naye akalikwangua. Ndivyo alivyofunzwa. "Doa ni uchafu, mwanangu," baba alizoea kusema. "Usilionee huruma." Lilipobaki kidogo tu mkiani, akavuta hadubini aone vizuri. Doa lilikuwa na nyuzi, nyembamba, zimepangana, kama manyoya yaotayo kwenye ngozi. Sindano ikamdondoka. Akalia palepale, kwenye kiti cha baba yake.

Njia nzima ya kwenda nyumbani alikusudia kudanganya. Lakini mzee alipoinua kichwa na kuuliza, "Enhe? Amevaa?", binti alisema kweli.

"Alikuwa amevaa, baba. Nimemvua mimi. Nilidhani ni doa."

Ajabu, mzee alicheka. "Nilisema mimi! Si nilisema?" Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Kilipomwachia, akauliza, "Doa la rangi gani?"

"Kahawia."

Kicheko kikakatika. Mzee aliinua mikono yake miwili, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mawe yenye doa lile yalikuwa yamepita mikononi humo tangu ujana wake, na yote aliyatakatisha.

"Na wale wangu?" akanong'ona. "Niliwavua wangapi, mwanangu?"

Binti alimvutia blanketi mpaka shingoni, akalichomeka vizuri pande zote.

"Baridi," mzee alisema, akageukia ukutani.