Saini ya Shahidi

Watu wa mtaani walimwita Mshonaji, ingawa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka tangu baba yake alipopooza miguu. Mikono yake sasa ilikuwa na kazi moja: kumgeuza mzee kitandani asitoke vidonda. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, alikuwa wakili, na kila wiki redio ilimwalika kuchambua hukumu mpya za mahakama. Salamu alituma. Kuja hakuja.

Siku mzee alipoandika wosia, jirani mmoja alikubali kushuhudia. Shahidi wa pili akakosekana. Mshonaji akampigia mdogo wake.

"Kwani kaandika nini?" Wakili aliuliza.

"Nyumba kanipa mimi. Vilivyobaki vyote ni vyako. Viti, masufuria, na ile redio mbovu."

Wakili akajibu: "Basi saini wewe mwenyewe, dada. Inatosha."

Mshonaji akasaini. Mzee akafa ametulia.

Udongo wa kaburi haujakauka, Wakili akafungua kesi. Alisimama mbele ya jaji akiongea polepole, sauti laini kama anambembeleza mtoto: sheria hairuhusu mtu kushuhudia wosia unaompa mali, hivyo zawadi ya nyumba ni batili.

"Yeye ndiye aliyeniambia nisaini!" Mshonaji alipaza sauti.

"Una ushahidi?" jaji akauliza.

Hakuwa nao. Wakili alimtazama dada yake kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka. Jaji akaamua kwamba nyumba, kwa kuwa haina tena mwenyewe, iingie kwenye vilivyobaki, alivyoachiwa Wakili.

Nje ya mahakama, Wakili alimshika bega. "Usihangaike, dada yangu. Chumba cha uani hakina mtu. Wapangaji watahitaji wa kufagia na kufua."

Mshonaji alitaka kumtemea mate. Lakini aliwaza mvua, akawaza umri wake, akabeba godoro lake hadi uani.

Wiki ile Wakili aliichambua hukumu hiyohiyo redioni. Hakutaja kwamba mlalamikaji ni yeye. "Ni kosa la kawaida," alisema. "Watu wetu hawapendi kuuliza wanasheria."

Mshonaji alikuwa uani akikamua mashuka ya marehemu, redio ya jirani ikisikika. Aliyaacha karaini, akapiga namba ya kipindi. Alipiga mpaka ikapokelewa, na mtangazaji akamkaribisha hewani.

"Mimi niliuliza," alisema. Povu lilikuwa likimchuruzika kwenye kiwiko. "Nilikuuliza wewe, mdogo wangu."

Redioni zikasikika karatasi zikipekuliwa.

"Mama, simu yako inakwaruza," Wakili alisema, sauti ileile laini. "Ila swali lako ni zuri. Wasikilizaji, mmesikia? Hivi ndivyo mtu asiyekubali hukumu anavyojiumiza."

Mtangazaji akacheka. Likaingia tangazo la sabuni.

Jumamosi Wakili alileta wapangaji, mke na mume vijana, akawatembeza chumba hadi chumba. Katika chumba alichofia mzee alisifia dirisha na upepo wake. Walipotokea uani walimkuta Mshonaji ameinama kwenye karai.

"Na huyu ni nani?" mke aliuliza.

"Wa usafi," Wakili akajibu. "Mwaminifu sana. Mtamwita mnavyopenda."

Yule mke akatabasamu, akavua koti lake jeupe, akamkabidhi. "Hili usilianike juani, dada."

Mshonaji akalipokea kwa mikono miwili.