Glasi ya Glafira

Wakubwa walishaanza kulewa, na jina la Glafira lilikuwa bado halijatajwa.

Prohor, mchochea moto wa tanuri la karakana ya vioo, alikaa mwisho wa meza, karibu na mlango, akisubiri. Darubini waliyoitengeneza ilikuwa imefika salama angani, inanasa mionzi ya nyota ambayo jicho la mtu haliioni, na wakubwa wote wa Krimea wamekuja kula. Kioo cha darubini hiyo alikisugua Glafira, mke wa Prohor, kwa viganja vyake, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka kifua kikamchukua majira ya baridi yaliyopita. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Leo Prohor alitaka jambo moja tu: mkurugenzi wa karakana amtaje Glafira mbele za watu.

Mkurugenzi, Venedikt Arkadyevich, aliinua glasi kwa heshima ya Moscow. Kisha ya chama. Kisha ya roketi! Kila mara glasi zikagonganishwa.

Prohor akasimama. "Ndugu mkurugenzi, na mke wangu je?"

"Kaa, mzee, kaa. Hii sherehe, si matanga."

"Sherehe ya kioo cha nani?"

"Cha taifa zima! Mpeni tango la chumvi limpoze."

Wageni wakacheka. Mama Zina, aliyesugua kioo pamoja na Glafira, akamvuta shati. "Achana naye, Prohor. Unamkamua fahali maziwa."

Prohor hakukaa. Alijaza glasi vodka, akaifunika kwa kipande cha mkate mweusi, kama anavyowekewa marehemu kila nyumba, akaenda kuitua mbele ya mkurugenzi. Glasi hiyo haiguswi. Hata mtoto anajua.

Venedikt Arkadyevich alikuwa akimnong'oneza mgeni wa Moscow. Akapapasa mezani bila kutazama, akaikamata glasi ileile, mkate akausukuma kando. "Kwa ushindi!" Akaimaliza.

Hakuna mwingine aliyeinua glasi. Mpishi akapiga ishara ya msalaba, huku wanachama wa chama kisichotaka dini wanamwona.

"Mbona hamnywi?" aliuliza mkurugenzi.

"Umekunywa ya marehemu," alisema Mama Zina.

Rangi ikamtoka mkurugenzi. "Marehemu gani?"

"Unamjua," alisema Prohor. "Umemtumikisha maisha yake yote. Taja jina lake tu, nami nitakaa."

Mkurugenzi akafungua mdomo. Akamtazama Zina, akamtazama mgeni wake, akaufunga. Prohor akaona machoni mwake kwamba hakatai. Jina lenyewe halijui.

"Glafira Semyonovna," alisema Mama Zina, akisimama. Wasuguaji wa kioo wote waliokuwa ukumbini wakasimama, wakanywa bila kugonganisha glasi, kama ilivyo desturi kwa marehemu.

Prohor akanywa nao, akarudi kwenye kiti chake karibu na mlango. Vodka ilikuwa kama maji mdomoni: jina limetajwa, lakini si na mkurugenzi.