Beseni la Miguu

Barua ya shule ilisema kila mtahiniwa wa kidato cha nne aje na blanketi moja, godoro dogo, tishu na beseni moja. Beseni nililichagua mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kufua nguo. Kila asubuhi natoka Mashimoni, huku kwetu Kibera, naenda kufulia watu wa mtaa wa Olympic, na hakuna mtu wa kunifundisha kitu kuhusu beseni. Nikachagua la plastiki nene, la buluu, lenye mdomo mpana, nikamwambia binti yangu Celine, "Hili hata ukifulia blanketi halipasuki." Sikujiuliza kwa nini barua haikutaja sabuni.

Shule iko Kawangware. Ni ya mabati kama nyumba yetu, ila ina jina kubwa getini. Miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa huwafungia watahiniwa huko huko, wasichana wanalala darasa moja na wavulana jingine, ati wasipotezwe na mambo ya nyumbani. Nilikubali. Kwetu mambo ni mengi kweli: chumba kimoja, watu watano, na kanisa la jirani lenye spika kubwa kuliko waumini wake.

Jumamosi kabla ya mtihani kuanza, wazazi tuliitwa kwenye maombi ya watahiniwa. Nilivaa gauni langu la kanisa. Kwanza akasimama mgeni, kijana mmoja anayeitwa Sifuna, ambaye kazi yake ni kuzunguka mashuleni akiwatia watoto moyo. Suti yake iling'aa. Akasema usingizi ndio mama wa umaskini. Akasema yeye alisoma usiku kucha, miguu ndani ya beseni la maji baridi, na leo ana gari. Wazazi tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu. Nasema ukweli, kwa sababu hasira ya siku ile inanirudia mimi pia.

Celine alikuwa ameketi kando yangu. Alinisalimu tu, "Sasa, mathe," akaniegemea begani, na kabla makofi hayajaisha alikuwa amelala. Nikatazama chini, nikaona amekanyaga visigino vya viatu vyake kama ndala. Nikainama nikavuta soksi. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imevimba, inabambuka. Ugonjwa huo naujua. Ninao mikononi, mwaka wa kumi na nne sasa. Angalau mimi hulipwa.

"Celine, hii ni nini?"

Akashtuka. "Valency ya carbon ni four!" Kisha akaniona ni mimi. "Ni maji, mathe. Saa kumi asubuhi wanatuamsha, unaweka miguu kwa beseni ndiyo usisinzie. Ukisinzia wanaongeza maji."

"Na mnaenda kulala saa ngapi?"

"Saa saba hivi."

"Na ile mock ya Chemistry? Si uliniambia ilikuwa ngumu?"

Akainamisha kichwa. "Haikuwa ngumu. Nilikuwa najua. Nililalia paper. Kuamka, napata biro imechora laini mpaka chini, na time imeisha."

Damu ilinipanda. Beseni langu! Nililichagua kwa macho yangu, nikalibeba kichwani kutoka Kibera mpaka Kawangware, kumbe nilikuwa nampelekea mwanangu chombo cha kumtesea.

Wakati huo pastor alikuwa amechukua maikrofoni, anakemea roho ya usingizi. Nikasimama. "Usingizi si pepo, pastor! Hawa watoto hawajalala!"

Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Thuo, akanijia mbio na tabasamu la kuonyesha wageni. "Mama Celine, please. Tuongelee kwa ofisi."

"Tutaongelea hapa hapa. Mtoto anaanza mtihani Jumatatu. Nataka alale leo, na kesho alale tena."

"Sasa unataka apate D?"

"Kwani mock alipata nini na hayo maji yenu?"

"Wenzake wanavumilia."

"Na wewe jana ulilala saa ngapi, mwalimu?"

Alikuwa amenyoa vizuri, amenawiri, macho meupe ya mtu aliyejifunika blanketi mapema. Mzazi mmoja akacheka. Wengine walinitazama kama mtu aliyekohoa ndani ya sufuria ya wageni, lakini nilikuwa nimeshafika mahali pa kutojali.

Nikamshika Celine mkono, nikampeleka kwenye lile darasa wanalolala. Nikamtandikia godoro lake. "Lala."

Hakulala. Alikaa kitako, akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. "Unaniaibisha, mathe! Nikilala wenzangu watanipita. Na si ni wewe husema kulala mchana ni uvivu? Wewe hulala lini? Ukiwa na homa unaenda Olympic. Mguu ukivimba unaenda. Hata siku moja sijawahi kukuona umelala jua likiwaka. Sasa mimi ndiyo nilale?"

Nilikuwa tayari kugombana na shule nzima, na mgeni na suti yake, na wizara ikibidi. Kwa swali hilo sikuwa tayari. Miaka yote nimejisifu mbele ya mtoto huyu kwamba mimi silali, ndiyo maana yeye na ndugu zake wanakula. Nilidhani namfundisha bidii. Aibu iliyonishika pale ilikuwa kubwa kuliko hasira niliyoingia nayo.

Nikavua viatu. Nikapanda kwenye lile godoro na gauni langu la kanisa, nikalala upande wa ukutani.

"Mathe, unafanya nini?"

"Nalala. Nimechoka, nyathina, mwanangu. Nimechoka tangu uzaliwe. Sogea."

Kisha nikasikia viatu vyake vikianguka sakafuni, kimoja, halafu cha pili, na mgongo wake ukaja kuegemea wangu. Ulikuwa umekonda.

Tukasikia Mwalimu Thuo akija. Alisimama mlangoni, nyuma yake wazazi kadhaa wakichungulia. "Mama Celine! Hii ni shule! Hii si gesti!"

Ilikuwa saa nane mchana na mabati yote yalikuwa yanawaka. Pumzi ya Celine ilikuwa ndiyo inaanza kuwa nzito. Nikafumba macho kwa nguvu, nikakoroma. Nilikoroma makusudi, kwa hasira yangu yote, mpaka mwalimu akanyamaza.