Sikio la Gari la Baba

Baba alituachia nyumba, mama, na gari lililotuzidi sote umri. Nyumba haikuwa na ubishi. Mama naye alisema hahami, anayemtaka amfuate. Likabaki gari.

Kaka alitaka lipelekwe gereji kubwa, ile ya mafundi wanaovaa ovaroli safi kama madaktari. Mama hakutaka hata kusikia. Gari lilikuwa na fundi wake, rafiki wa baba. Tulimwita Sikio, kwa sababu aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, kisha akakuambia linaumwa wapi. Lakini gari hilo ndilo nililompelekea mama kliniki, na safari ya mwisho breki zililia njia nzima. Sikio alikuwa amezijaribu jana yake, akasema ziko kimya kama maiti.

Jumamosi tukamwita, tuamue mbele yake. Akafungua boneti, nikawasha. Akainama na bisibisi yake. Injini ikakohoa, ikazima. Sikio hakuinuka. Macho kafumba, kichwa anakitikisa taratibu.

"Sikilizeni linavyoimba," akasema.

Mimi ndiye mchekeshaji wa familia. Kwenye msiba wa baba nilichekesha hadi wachimba kaburi. Siku ile nilichomoa ufunguo tu. Kaka akatazama viatu vyake.

Mama akaenda akamshika bega, akasubiri afumbue macho.

"Shemeji, limezima."

Sikio akautoa mpini sikioni, akaupangusa kwa shati, akaupangusa tena. Kaka akaanza habari za gereji yake. Mama akamnyamazisha kwa mkono. Akamwambia Sikio kwamba gari amelishika yeye miaka yote, basi aseme yeye nani alishike.

"Spana," akasema.

Spana ni binti aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa ana karakana nyuma ya soko. Sote tulijua Sikio alimfukuza. Tulidhani ni kwa mdomo wake.

"Nilimfukuza kwa kuniambia sisikii."

Gari likawaka kwa shida, tukaenda naye palepale, mwendo wa jongoo, yeye kiti cha mbele, bisibisi mapajani. Kila nikikanyaga breki, watu barabarani wanageuka. Yeye katulia.

Spana alikuwa ameshatoka nje, anafuta mikono. Sikio akashuka, akampa bisibisi, mpini mbele. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akamtazama usoni.

"Breki zako nimezisikia tangu kona ya sokoni, mwalimu."

"Mimi sijazisikia," akasema Sikio.